Kazi za Nyumbani za Mama

Kila siku ya masomo, baada ya sala ya alfajiri, nyumba ya kina Hind huko Al Amerat, kitongoji katika nchi ya Kiarabu, iliamka kwa mpango uleule. Baba, Bwana Mahfoudh, alitoka mapema kuwasha gari, maana barabara ya kwenda mjini hujaa haraka. Mama, Bi Mahbuba, alichemsha chai ya maziwa. Hind, mwenye miaka kumi na mitatu, aliweka mikoba miwili mlangoni: wake na wa mama yake.

Mama naye alikuwa mwanafunzi. Aliolewa alipomaliza sekondari, akalea watoto, na sasa, akiwa na miaka thelathini na tisa, alisoma hisabati katika chuo cha jamii. Alikusudia kusoma hapo miaka miwili, kisha ahamie chuo kikuu, awe mwalimu. Ili ahamie, alihitaji alama sabini katika aljebra.

Asubuhi moja Hind alichungulia kazi ya nyumbani ya mama. Majibu manne hayakuwa sahihi. Alikumbuka jinsi mama alivyokosa raha wiki iliyopita, aliporudishiwa kazi yenye alama nne juu ya kumi. Hind alikuwa hodari wa hisabati. Akachukua kifutio, akafuta, akaandika majibu sahihi. Tarakimu zao zilifanana, kwani mama ndiye aliyemfundisha kuandika.

Siku tatu baadaye mama alirudi uso unang'aa.

"Kumi juu ya kumi! Mahfoudh, unamuona mkeo?"

"Nnamuona," baba alijibu. "Kesho atakataa kupika, atasema maprofesa hawapiki."

Wote walicheka. Tangu siku hiyo Hind alisahihisha kila wiki. Mama alitazama alama iliyoandikwa juu tu, bila kupitia majibu, akaitia karatasi kwenye faili.

Kisha ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Mama alipata thelathini na nane kwa mia. Alirudi na fomu ya kujitoa katika somo, iliyotakiwa kurudishwa Alhamisi.

"Nyumbani nnapata zote, mtihanini naanguka," alisema, kalamu mkononi. "Umri umenitupa mkono. Nnaacha."

"Mama, usitie saini!"

"Kwa nini?"

Hind aliisogeza fomu mbali na kalamu. "Hukupata zote. Mimi nilikuwa nakusahihishia. Kazi sita."

Mama aliweka kalamu chini. "Ulinionea haya?"

"Hapana. Nilitaka ufurahi."

Mama hakugomba. Aliikunja fomu, akaitia mkobani. Kisha alisema, "Kesho baada ya skuli tutakwenda chuoni. Utamwambia mwalimu kwa mdomo wako."

Mwalimu wa mama, Bwana Wesley, alikuwa Mkenya. Alimsikiliza Hind mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliomba faili, akainua karatasi moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yaliyofutwa bado yalionekana kwa mbali. Alitazama sana, halafu akaandika ubaoni: 3 − 8.

"Mama Hind, jibu haraka."

"Tano."

"Ni hasi tano. Umeanzia upande gani?"

Mama aliweka kidole juu ya nane. Akashtuka. "Sisi skuli tulisoma hisabati kwa Kiarabu. Tukianzia kulia."

"Hiyo ndiyo shida! Hapa chuoni tunaanzia kushoto," Bwana Wesley alisema. "Kwenye kujumlisha huwezi kuigundua, kwa sababu tatu na nane ni kumi na moja hata uanzie wapi. Lakini kwenye kutoa na kugawa, mambo yanageuka."

"Kwa hivyo si umri?"

"Umri gani, mama? Ni mazoea." Akamgeukia Hind. "Na wewe, msichana, kosa hili ningelijua wiki ya pili. Kila nilipolitafuta, ulikuwa umeshalifuta."

Hind aliinamisha kichwa.

"Kazi hizi sita nitazipa sifuri," mwalimu aliendelea. "Kufikia sabini, mama, utahitaji themanini na mbili katika mtihani wa mwisho, maana huo ndio unaobeba alama nyingi. Si rahisi."

Mama alitoa ile fomu mkobani, akaichana vipande viwili. "Nitazitafuta," alisema.

Kwa wiki tano, kila alasiri, mama alikaa mezani. Juu ya kila ukurasa alichora mshale kutoka kushoto kwenda kulia. Hind aliruhusiwa kuuliza swali moja tu: "Umeanzia wapi?" Alipoona kosa, vidole vilimwasha.

"Mikono yako!" mama alimkaripia. "Kosa langu hilo. Niachie mwenyewe."

Kazi ya kwanza ilirudi na alama tano. Iliyofuata, sita. Mama hakusononeka tena. Alikaa na kila kosa mpaka akajua wapi aligeuza hesabu, akalifanya upya mara tatu. Ya mwisho ilirudi na tisa.

Matokeo ya mtihani yalitoka Jumapili. Mama alifungua simu, akasoma, akampa Hind asome kwa sauti.

"Themanini na tano! Mama, utahamia chuo kikuu!"

"Mashallah!" baba aliita kutoka uani. "Sasa chakula nipike mimi."

Mama alicheka, akamvuta Hind karibu yake.

"Umenisamehe, mama?"

"Zamani. Lakini nisikilize, mwanangu. Ulitaka nifurahi, na furaha hiyo ilibakia kidogo tu initoe chuoni. Siku nyingine ukiona mtu wako anakosea, usimfichie. Mwambie ukweli, ukae naye mpaka ajue kosa limetoka wapi. Furaha atakayoipata hapo itakuwa yake mwenyewe."