Pumzi Ile Ile Mara Nne

"Imegeuza! Afande, imegeuza!"

Sangwa alikuwa akipiga kelele ndani ya kofia ya pikipiki. RAV4 nyeupe ya wauaji ilikuwa imefika mita mia mbili kutoka kwenye nyumba ya mtego, pale Kagugu, Kigali. Ikasimama kidogo. Halafu ikageuza, ikarudi ilikotoka.

"Ifuate!" alimwambia motari, dereva wa pikipiki iliyombeba.

Waliteremka Gisozi mbio, Sangwa mkono mmoja begani kwa motari, mwingine kwenye Glock chini ya koti. Walipofika Kinamba, taa ya barabarani ikawaka nyekundu. RAV4 ikapenya. Motari akafunga breki.

"Pita!"

"Iko kamera, dada. Mimi sipiti."

RAV4 ikapotea. Sangwa alishuka, akatukana kwa Kiswahili, akatukana kwa Kinyarwanda, akabaki amesimama na hasira zake katikati ya honi.

Sauti ya Bayingana, mkuu wake, ikaingia sikioni.

"Ripoti."

"Nimewapoteza."

"Tumenasa simu ya Keith kwa watu wake. Sikiliza."

Sauti laini, ya mtu aliyeshiba. "Rudini. Mle ndani hakuna mtu, ni rekodi. Nimehesabu. Pumzi ile ile mara nne."

Sangwa alifumba macho. Pumzi ile ile mara nne! Alitamani kumnyonga mtu, na mtu huyo hakuwa Keith.

Mnajua chanzo cha balaa hili? Vya bure. Miezi sita kabla, Keith alikuja Kigali na kitu alichokiita Wakfu wa Sonara, akagawa laptopu na kontrola za muziki, vibao vya pedi za kubonyeza, kwa studio ishirini na mbili. Bure! Maprodyuza walishangilia. Kumbe kila laptopu ilikuwa na sikio ndani. Kila sauti iliyoingia studio ilimfikia Keith, naye alikuwa akitafuta sauti moja tu.

Sauti ya Nyiransabimana.

Mama huyu alikuwa mpishi wa tajiri mmoja wa magendo ya madini. Alimwona tajiri akimuua dereva wake jikoni, kwa macho yake mawili. Idara ya kulinda mashahidi ilimficha miaka miwili, ikambadilisha jina na mtaa. Ikamwambia: mama, usiimbe. Mama akaimba. Alijiunga na kwaya, kwaya ikaenda kurekodi kwenye studio yenye laptopu ya Keith, na sasa Keith na wauaji wake, wote wamelipwa na tajiri, walikuwa mjini.

Kesi ilikuwa Jumatatu, ng'ambo. Ndege ya mama ilikuwa leo Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, kutoka uwanja wa Kanombe. Watu wa Keith walishajua kwamba lazima apite barabara ya uwanja wa ndege. Wasipovutwa mahali pengine, mama angeuawa njiani. Akibaki, tajiri anatoka jela Jumatatu akicheka.

Na nani aliyeandika ripoti ya kurasa tisa kuwa laptopu zile zikamatwe? Sangwa. Na nani aliyesema ni wivu wa watu wasiojua teknolojia? Kenny, mkuu wa mitambo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alimpigia.

"Kenny, uliweka nini pale Kagugu?"

"Nilikata mstari wake kwenye wimbo wa kwaya, nikaupanga kwenye kompyuta ujirudie mbele ya laptopu moja ya Keith. Kazi safi kabisa, Sangwa. Kontrola ina pedi kumi na sita, mimi nikaongeza..."

"Mama wa miaka hamsini na nane akifanya mazoezi, anavuta pumzi ile ile mara nne?"

Vidole vya Kenny vilisikika vikigonga kibodi.

"Nipe nafasi nyingine. Tatizo kompyuta imeanza kujisasisha. Dakika arobaini tu."

"Pumbavu!"

Akakata. Ilikuwa saa saba na nusu. Alimgeukia motari, ambaye bado alikuwa pale akingoja abiria wake.

"Nyakabanda. Na safari hii taa zako ziheshimu upendavyo, ila ukimbie."

Studio ya mzee Munyaneza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka lake la vitambaa. Alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akirekodi kwaya ile ya Wakristo kabla haijamkimbia kwa ajili ya laptopu za bure. Hakuwa amesamehe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Iko nini? Uso wako iko kama moto."

Sangwa alimweleza yote, harakaharaka, bila kuficha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Nilisema! Mimi nilisema! Walileta na kwangu hapa, laptopu na ile kontrola. Nikauliza, hii bila kompyuta inafanya nini? Kijana akasema, haifanyi kitu. Sasa unanipa sahani ya nini bila chakula? Iko chini ya kitanda, hata sijafungua karatasi."

"Na wewe unatumia nini kurekodia?"

Mzee alifunua kitambaa. Akai MPC, mashine ya kunasa sauti na kuzipiga kwa vidole, nyeusi, pedi kumi na sita zimechakaa katikati kwa kupigwa.

"Hii haitaki kompyuta. Haitaki intaneti. Kila kitu iko ndani. Na huyo mama iko ndani, mwaka mzima. Si wimbo tu. Kukohoa, kucheka, kukosea, kunigombeza mimi. Mtu akikosea mimi sifuti. Hapo ndipo yeye iko."

Sangwa alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hasira yake ilipata pa kwenda.

"Mzee, toa ile laptopu chini ya kitanda."

Saa nane na robo laptopu ya Keith iliwashwa, ikaungwa na intaneti ya simu, ikawekwa mezani. Studio ya ishirini na mbili ilikuwa imeamka. Sangwa alijibanza nyuma ya pazia. Askari wanne wa idara waliingia duka la fundi cherehani ng'ambo ya njia, wakajifanya wanapimwa suruali.

Mzee aliiweka MPC mapajani, akakunja mikono ya kanzu.

Akabonyeza pedi ya kwanza. Mama akasafisha koo.

Pedi nyingine. "Ehe, tuanze."

Kisha mstari wa wimbo. Katikati mama akakosea, akacheka, akaanza upya. Safari hii pumzi fupi. Safari nyingine pumzi ndefu, halafu kikohozi, halafu nusu ya mstari kwa sauti ya chini kama anayejikumbusha maneno. Vidole vya mzee havikurudia kitu kwa namna ileile hata mara moja. Sangwa alijua hakuna mama chumbani, na bado nywele zilimsimama.

Dakika ishirini.

"Sangwa, hapa Bayingana. Keith ameongea. Anasema: ni yeye, yuko Nyakabanda na prodyuza mmoja tu, nendeni wote. Gari limeondoka Giporoso, kwenye barabara ya uwanja."

Sangwa alichomoka hadi uani, mbali na laptopu. "Trinah, umesikia? Barabara ni nyeupe. Mama yuko vipi?"

Trinah alikuwa dereva bora wa idara. "Yuko chini ya blanketi, kiti cha nyuma. Anataka kuimba ili apunguze woga."

"Mwambie anyamaze kabisa!" Akarudi nyuma ya pazia.

Saa tisa na dakika kumi, RAV4 ilisimama juu ya njia. Wanaume wawili walishuka na mabegi ya gitaa. Watu wa mtaa huu hawashangai gitaa. Keith alishuka wa tatu, suti ya kijivu, simu sikioni.

Hawakuingia. Keith alikuwa amedanganywa mara moja, na mtu wa namna hiyo hadanganywi kirahisi mara ya pili. Alinyoosha kidole kwenye mita ya umeme ukutani.

Taa zikazimika. Feni ikasimama. Spika kubwa za studio zikakata.

Sangwa akaitoa Glock.

Lakini mama aliendelea kuimba. MPC ile ina betri yake na spika yake ndogo, na mzee hakuinua hata kope. Alibonyeza pedi moja, mama akaguna kwa kero, "Yewe, umeme tena!", kama alivyoguna siku nyingine kabisa, umeme ulipokatika kweli. Akaendelea na ubeti.

Nje, Keith alicheka.

"Umeme hakuna, na bado anaimba. Ni mtu. Ingieni."

Waliingia kwa pupa, mabegi yamefunguliwa, bunduki zikitazama mbele. Mbele walimkuta babu mwenye kanzu na kisanduku mapajani. Nusu sekunde ya kushangaa. Ndiyo aliyoihitaji Sangwa.

Mguu kwenye goti la wa kwanza. Kitako cha Glock kisogoni. Wa pili aligeuka, risasi yake ikatoboa bati, na kiwiko cha Sangwa kikamfunga mdomo. Akaanguka juu ya vitenge.

Keith alikimbia kuelekea garini. Askari wanne walitoka kwa fundi, mmoja futi ya kupimia bado ikimning'inia shingoni. Walimrudisha chumbani akiwa na pingu, suti imechanika bega.

"Mama yuko wapi?" alifoka. "Nimemsikia! Yuko wapi?"

Mzee Munyaneza alibonyeza pedi moja. Mama akacheka, kicheko kirefu, cha tumboni. Keith aliitazama MPC, uso ukamshuka.

"Sangwa, hapa Trinah. Ameingia ndegeni. Mlango umefungwa."

Sangwa aliketi juu ya robota la vitambaa.

Bayingana akaingia tena. "Kazi nzuri sana. Sasa ilete hiyo mashine ofisini. Kenny atahamishia sauti zote kwenye kompyuta zetu, tuzihifadhi."

Sangwa alingoja wafungwa watolewe.

"Mzee, futa."

"Futa nini?"

"Mama. Vyote."

"Wewe iko na wazimu? Mwaka mzima! Iko hapa tu, haiko pengine duniani!"

"Ndiyo maana. Ya Keith na ya Kenny nitaifuta mwenyewe. Ofisini Kenny ataitia kwenye kompyuta. Leo wameisikia hawa, kesho wataisikia wengine. Mama atarudi, mzee. Akirudi nataka aende sokoni, abishane bei ya viazi, na asiwepo mtu duniani wa kulinganisha sauti yake."

Mzee alimtazama kwa chuki ya wazi. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Nyinyi watu wa serikali, mmelaaniwa."

"Najua."

Alibonyeza. Mashine iliuliza mara moja, ikauliza mara ya pili. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama anayeua kitu.

Sauti ya Bayingana ikarudi sikioni. "Sangwa! Mashine iko wapi?"

"Iko hapa, afande. Ni tupu."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akafunga koti juu ya Glock na kutoka.

"Akirudi," mzee alipiga kelele nyuma yake, "aje aimbe kwangu! Si kwa wale wa laptopu! Umesikia?"

"Atakuja mwenyewe, mzee," Sangwa alisema bila kugeuka, akateremka kilima kwa miguu.