Mchumba wa Mvua ya Julai

— Allô? Zaituni? Unanisikia?

— Nakusikia, Uthmani. Mais kuna kelele. Ni nini hiyo?

— Mvua. Inapiga kwenye kioo cha kabine.

— Mvua? Mwezi wa saba?

Watu waliokaa kwenye benchi la Radjabu, mwenye kabine ya simu pale Nyamugari mjini Gitega, wakainua vichwa. Nje jua lilikuwa likikausha hata mate mdomoni. Zaituni akaupa ukuta uso, akaushika mkonga wa simu kwa mikono miwili, ingawa simu ile ilitoa sauti mpaka benchini.

— Huku wanaita été, majira ya joto, Uthmani akasema. Mais ni jina tu. Asubuhi baridi, mchana manyunyu, jioni upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye mifupa. Leo nimevaa makoti mawili.

— Pole, mpenzi. Umekula?

— Nimekula. Ila asubuhi nimeona ukungu juu ya maji, nikakumbuka Muyinga. Nikakumbuka na wewe...

Ghafla sauti ya mwanamke ikaingia kwenye simu, Kiswahili cha Kivu kisichofichika:

— Uthmani! Kuya basi! Mvua iko inatulowanisha, na patron iko anakuita!

Simu ikakatika.

Ulikuwa mwaka 2001, vita bado vinaunguza nchi. Uthmani alikuwa fundi baiskeli wa Muyinga. Alikuja Gitega kumtembelea mjomba wake, akamwona Zaituni akishona nguo kwenye baraza la baba yake, Mzee Saidi, na tangu siku hiyo mjomba akawa anatembelewa kila wiki. Akaposa, akakubaliwa. Kabla ya ndoa nyumba ya kina Uthmani, Muyinga, ikachomwa moto. Mama yake, Bi Fatouma, akakataa kuhama. Uthmani akavuka kwenda Tanzania, akahangaika huku na huku, mwisho akatua kwenye mji mdogo wa bahari, kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji, akawa anaosha masufuria hotelini.

Kila Ijumaa alipiga simu. Na kwa kuwa benchi zima lilikuwa linasikiliza, wawili hao walijifunza kuongea hali ya hewa. Akisema, "Leo baridi imezidi," Zaituni alijua ameambiwa, "Nimekukumbuka." Akisema, "Mvua imepumzika kidogo," alijua siku hiyo mtu wake amecheka.

Lakini sauti ile ya mwanamke ilifika nyumbani kabla ya Zaituni mwenyewe. Shangazi yake, Mwajuma, alikuwa anamngoja mlangoni.

— Bon. Sasa tumejua. Yuko Uvira, huko Kongo, ameoa Mkongomani.

— Shangazi, yuko Ubelgiji!

— Ubelgiji gani wa mvua ya Julai? Kaka wa Mahmudu, yule anayekutaka, anakaa Brussels. Juzi kapiga simu, kasema joto linawaua, wanalala madirisha wazi. Wako nchi moja, jua moja. Huyu wako makoti mawili ya nini?

Zaituni akavua kanga ya kichwa, akaketi kizingitini.

— Mwanangu, mwanaume anayekudanganya mpaka hali ya hewa, atakuambia ukweli gani?

Mahmudu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Muyinga, mtu mpole, aliyekuwa amemtaka Zaituni kwa heshima mara zaidi ya moja. Ijumaa iliyofuata, Zaituni alikwenda kwenye kabine macho yamevimba.

— Uthmani, yule mwanamke ni nani?

— Ni Monique, mke wa rafiki yangu Birindwa. Tunafanya kazi jiko moja...

— Na mvua?

— Mvua imefanya nini tena?

— Brussels ni joto! We uko Uvira! Sema tu umeoa, nipumzike!

— Zaituni, wallahi...

— Usimtaje Mungu kwenye uongo wako!

Akaweka mkonga. Ijumaa zilizofuata Radjabu alituma mtu kumwita, akakataa kwenda. Mwisho akamwambia baba yake, bila kuinua macho:

— Baba, Mahmudu aje.

Posa ikapokelewa, siku ikapangwa. Zaituni akaanza kushona gauni lake mwenyewe. Kila mara uzi ulikatika, akasingizia mashine.

Asubuhi moja mama mmoja akasimama mbele ya baraza, kitenge kizuri, kiatu kimejaa vumbi la safari.

— We ndio Zaituni? Mi naitwa Dorcas, natoka Uvira, nafanya biashara hapa sokoni. Dada yangu Monique ananituma.

Sindano ikasimama.

— Monique gani?

— Ule ulisikia mu simu. Iko kule Ubelgiji na bwana yake, Birindwa, na watoto. Ananiambia: "Dorcas, fika Gitega, uone ule binti. Kijana wa watu hakule tena. Anasimama mu mvua kwenye kabine, anapiga, hakuna mtu."

— Lakini Brussels ni joto, mama. Kila mtu anajua.

Dorcas akacheka, akavuta kigoda akakaa.

— Ulishafika Bujumbura?

— Nilifika.

— Kulikuwa je?

— Joto. Nililowa jasho mpaka kanga.

— Na siku kama ile Muyinga watu wanavaa nini?

Zaituni akaweka gauni chini. Muyinga, kule milimani, siku kama ile watu huvaa masweta.

— Voilà, Dorcas akasema polepole. Na kule vilevile. Mu Brussels wanatoa jasho, kando ya bahari wanavaa koti. Hakuna mwenye alidanganya, mtoto wangu.

Zaituni alilia mpaka gauni likaloa. Kisha akanawa uso na kumwomba baba yake amwite Mahmudu. Alitaka kumwambia mwenyewe, ana kwa ana.

— Mahmudu, nilikukubali kwa hasira. Moyo haukuwepo. Nisamehe.

Mahmudu alivua kofia yake, akaikunja.

— Ungenificha ndiyo ungenionea, akasema. Mwambie arudi upesi. Nikirudi Muyinga, habari hii nitampelekea mama yake mimi.

Ijumaa hiyo Zaituni alifika kwenye kabine kabla ya watu wote.

— Allô?

— Ni mimi, Uthmani. Hali ya hewa iko je?

Pumzi ikavutwa mbali sana, kaskazini.

— Mvua imekatika sasa hivi.

Uthmani alirudi mwaka 2003, njia zilipoanza kupitika. Walikutana nyumbani kwa Bi Fatouma, Muyinga, wakaonana aibu. Walikuwa wamezoea sauti, nyuso zimekuwa ngeni. Bi Fatouma akawaachia sebule akisema sufuria inaungua, wakati hakuwa amewasha hata moto. Mwezi huo huo ndoa ikafungwa Gitega, na Mahmudu akaleta kitambaa cha bibi harusi.

Hadi leo wanaishi Nyamugari. Julai moja, walipokwenda kumwona Bi Fatouma, Zaituni alimkuta mumewe uani alfajiri, anautazama ukungu ukishuka vilimani.

— Unawaza nini?

— Kule sasa mvua inaangukia bahari.

— Unapakumbuka? Baridi yote ile?

— Napakumbuka quand même, hata hivyo, Uthmani akajibu, akamvutia ndani ya koti lake. Sikuwa na kitu kule, Zaituni. Nilikuwa na wewe tu.