Kisima Nilichomwonyesha Rafiki Yangu Mezani

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Ni mwalimu wa sekondari hapa Singida mjini, nimepanga chumba mtaa wa Utemini, sijaoa. Mama ninaye. Baba sina tena... na sababu ya kukosa baba ndiyo inayonifanya nishike kalamu leo.

Ndugu wasomaji, najua mwanzoni mtanicheka. Mkasa wangu ulianzia kwenye mchezo. Tena mchezo wa mtu mmoja!

Nilipokuwa mtoto nilisoma na Kishor, mwana wa mwenye duka la nguo pale mjini. Mjomba wake alikuwa akimletea kutoka ng'ambo ndege ndogo za plastiki, zile za kubandika kwa gundi kipande kwa kipande, mfano wa ndege zilizopigana katika vita kuu ya pili. Familia yao ilipoamua kuhama nchi, mimi nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Kishor aliniachia sanduku zima. Aliniambia nizirushe mimi, maana kule aendako hatakuwa na wa kurusha naye. Tulilia wote wawili.

Nikazitumia kucheza vita mezani kwangu. Askari nilijifinyangia mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, nikawaanika, nikawapaka rangi. Mawe yalikuwa milima, vipande vya kitenge kuukuu vilikuwa mito. Dadu niliitoa kwenye mchezo wa ludo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kucheza naye, nilicheza pande zote mbili, na nilijiwekea sheria moja tu. Ukikaa kiti cha kwanza unapigania kiti cha kwanza kwa moyo wako wote. Zamu ikiisha unasimama, unazunguka meza, unakaa kiti cha pili, na yule uliyekuwa mwanzo, unamsahau kabisa. Hakuna kupendelea! Asiyeweza kujishinda mwenyewe kwa haki hachezi, anajidanganya.

Mimi ni mtu wa kuhoji. Chuoni niliwahoji wahadhiri. Nyumbani nilihoji mila. Kanisani nilihoji mahubiri mpaka katekista akaniomba niwe nakaa benchi la nyuma. Meza ile ndiyo iliyonituliza, kwa sababu pale kila swali lilipata jibu kabla ya chakula cha jioni.

Mama Zainabu, mwenye nyumba wangu, alikuwa akipita dirishani na ndoo yake ya maji, anachungulia.

"Mwalimu, leo nani kashinda?"

"Mimi, mama."

"Na kashindwa nani?"

"Mimi."

"Haya! Oa upesi, baba, upate wa kukushinda kweli!"

Anaondoka akicheka hadi ndoo inamwagika.

Baba yangu alikuwa mkulima na mfugaji, safari ya nusu siku kwa miguu kutoka Ikungi. Ujana wake aliuacha Burma, alikopelekwa na wakoloni kupigana vita visivyo vyake. Siku moja alikuja mjini kutazamwa macho, akafikia kwangu, akaikuta meza. Nilidhani atanigombeza. Kumbe mzee aliinua ndege moja pana, ya mizigo, akaileta karibu na pua, akasema polepole, "Hii hapa... hii ndiyo iliyokuwa ikitudondoshea magunia ya mchele porini. Tulikuwa tunaililia kama watoto."

Kisha akauliza, "Na huyu adui, anachezewa na nani?"

"Na mimi mwenyewe, baba. Nahamia kile kiti cha pili."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu! Kule vitani sikuona mtu aliyehamia kile kiti."

Kesho yake, kabla ya kuondoka, alinivua kofia yangu, akanivisha kofia yake ya vita ya ukingo mpana. Halafu alifanya jambo ambalo wazee wa kwetu hulifanya. Alipiga funda la maji, akanipulizia kifuani na usoni, akanitamkia mema. Hivyo ndivyo mzazi anavyobariki. Alinipulizia hivyohivyo nilipokwenda chuo kikuu, na mimi msomi nikajifuta kwa leso, nikifikiria vijidudu. Safari hii sikujifuta, ila sikuamini pia.

Kuanzia siku hiyo, kiti cha kwanza nilikiita kiti cha baba. Nikikaa pale naivaa ile kofia. Nikihamia cha pili naivua.

Sasa nimtaje Elia. Tulisoma pamoja chuoni, tukalala chumba kimoja, tukagombea shuka moja. Aliletwa kufanya kazi serikalini hapa kwetu, na aliniambia yuko upande wa mazao. Nilimwamini. Mimi, mwenye kuhoji kila kitu chini ya jua, sikumhoji rafiki yangu hata mara moja!

Alikuwa anakuja alasiri, tunakunywa chai kwa karanga, ananitazama ninavyocheza. Baadaye akaanza kucheza nami. Kwa mara ya kwanza kiti cha pili kilipata mwenyewe. Mnaweza kuelewa furaha ya mtu aliyecheza peke yake miaka yote hiyo?

Siku moja alisema, "Ndugu, hizi ndege za Wazungu zinatuhusu nini? Tucheze vya kwetu. Tengeneza bonde la kwenu."

Nikalitengeneza. Ee Mungu wangu, nililitengeneza kwa mapenzi! Majabali niliyoyapanda utotoni, korongo la mchanga, nyumba zetu za tembe, mashamba ya uwele yanayozunguka kila boma. Ng'ombe niliwafinyanga mmoja mmoja, nikakumbuka hata yule mwenye pembe iliyovunjika. Malori hatukuwa nayo, basi Elia akavunja mabawa ya ile ndege ya mizigo, akaiweka barabarani. Iliniuma. Lakini... ni mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Upande wa Elia unataka kuwahamishia watu wote kijiji kipya, kando ya barabara. Upande wangu hautaki.

Msije mkanielewa vibaya. Sikuwa mpinzani wa vijiji vipya ambavyo serikali ilikuwa ikiwataka watu wahamie. Nilitaka watoto wa bonde letu wapate shule na mama zetu wapate zahanati, na niliwahi kumwambia baba hivyo. Yeye alinipeleka shambani, akachota udongo, akauweka kiganjani mwangu. Akaniambia kuwa samadi iliyomo humo iliwekwa na babu yake, na baba yake, na yeye, na kwamba uwele hauoti kwa hotuba. Mwaka wa kwanza kule barabarani, akauliza, tutakula nini? Nilitafuta jibu katika vitabu vyangu vyote, sikulipata. Kwa hiyo nilipovaa ile kofia na kukaa kiti cha baba, nilicheza kwa dhati.

Nilimshinda Elia kila siku. Malori yake yanaingia bondeni, yanakuta maboma matupu. Watu wangu wameshatokomea na mifugo kwenye majabali. Elia akaghadhibika, akatupa dadu, akacheka kwa uchungu.

"Haiwezekani! Hebu wewe, ungekuwa upande wangu, ungefanyaje?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo nilipoangamia. Mtu yeyote mwingine angesema, "Tafuta mwenyewe." Lakini mimi nilikuwa na mazoea ya mtu anayecheza peke yake. Nikasimama. Nikavua kofia ya baba. Nikazunguka meza, nikamwambia Elia apishe, nikakaa kiti chake. Na kama sheria yangu ilivyotaka, nikamsahau kabisa yule niliyekuwa.

Nikaichukua ile ndege isiyo na mabawa, nikaipitisha nyuma ya majabali, nikaiegesha kwenye kisima cha korongoni.

Nikamweleza kwamba mtu wa kwetu hafukuzwi. Anangojwa. Wakati wa kiangazi maji ya ng'ombe ni yale tu, na njia ya kufika ni ule mwanya mmoja kati ya mawe mawili. Atajificha popote apendapo, lakini ng'ombe watamleta.

Elia alikitazama kile kisima kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe ni hatari." Nikaona fahari! Nilijimiminia chai nyingine!

Baada ya hapo hakuja tena. Nilidhani ana kazi nyingi. Kweli alikuwa nazo.

Habari ilinifikia kupitia mama, aliyekuja kwa miguu yake hadi mlangoni kwangu, khanga yake imejaa vumbi. Watu wa bonde walikuwa wamesikia kwamba malori yanakuja, wakatoka alfajiri na mifugo, wakaelekea majabalini kama nilivyowaelekeza mezani. Jua lilipopanda wakateremka kisimani. Malori yalikuwa pale, na askari mgambo kila upande wa ule mwanya. Ng'ombe walishtuka, wakakanyagana. Baba aliangushwa akijaribu kuwageuza. Walimpakia kwenye lori juu ya magunia, wakamshusha barabarani kwenye kiwanja kisicho na hata kigingi.

"Walikuwa wanatungoja, mwanangu," mama alisema. "Walijuaje? Nani aliwaambia?"

Nilikwenda ofisini kwa Elia. Hakunitazama usoni. Alisema serikali imeagiza na yeye ametekeleza, na kwamba mwakani nitamshukuru shule itakaposimama. Nikamuuliza kwa nini hakunitahadharisha. Akajibu maneno yanayonichoma mpaka leo: "Si wewe uliyeniambia kuwa mchezaji wa haki hampendelei mtu?"

Sikumpiga. Natamani ningempiga.

Nilipofika kijiji kipya nilimkuta baba amelala chini ya turubai, kifua kinamuuma. Na mvua za kwanza zikawa zimeanza. Nilisema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, hatuna pa kukukalisha." Akafanya mzaha wakati hata kupumua kunamshinda!

Wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika kumwapiza mtu aliyekionyesha kisima. Kwa kuwa kisima kile kilichimbwa na babu yetu, baba ndiye aliyetamka. Walimketisha, wakamshika mabega, na mimi nikiwa mbele yake nilisikia kila neno. Mtu huyo akose kivuli. Akose maji mahali alipo na kiu. Asiitwe baba na kiumbe yeyote.

Siamini maapizo. Nimesoma falsafa! Lakini jioni ile nilichungulia mtungi wa maji mara tatu, nione kama bado una kitu.

Ningenyamaza, labda. Lakini watu walikwisha kumpata mkosaji wao. Alikuwa jirani yetu Sungi, kwa sababu yeye alikubali kuhama mapema, kabla ya malori. Waliacha kumsalimia. Mkewe alichota maji peke yake, wenzake wakimwaga yale aliyoyagusa. Mchana mmoja nilimwona Sungi amekaa nyuma ya kibanda chake, mtu mzima, analia kama mtoto. Nikajua kwamba siwezi kuficha zaidi.

Niliingia chini ya turubai, nikapiga magoti, nikamweleza baba yote. Meza. Elia. Bonde la udongo. Kisima.

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aliuliza tu, "Ulikuwa umekaa kiti kipi?"

"Vyote viwili, baba."

Akafumba macho. "Ulicheza vizuri," alisema. "Tulipita palepale." Akageukia upande wa pili.

Mama, aliyekuwa amesikia yote, aliwaita wazee, nikarudia mbele yao. Walimwomba Sungi msamaha. Mimi hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitukana. Walinipisha njia tu, kama anavyopishwa mtu aliyebeba ugonjwa.

Asubuhi iliyofuata nilimwamkia baba. Sikusikia marahaba. Alinyoosha kidole kwenye kibuyu cha maji. Nikakishika mimi, nikamwinua kichwa. Akapiga funda, lakini hakulimeza. Mashavu yamejaa, macho yake yako usoni pangu... Nikakaribia. Nikakifunua kifua changu, mimi niliyejifuta kwa leso!

Pumzi haikutosha. Midomo ilifunguka, maji yakamtiririka kidevuni, matone machache yakaangukia mkono wangu ulioshika kibuyu. Akalaza kichwa. Kabla ya jua kusimama utosini, baba yangu alikuwa amekwisha kufa.

Je, alitaka kunipulizia baraka, aliondoe apizo lake? Au alikuwa mgonjwa aliyeshindwa kumeza? Mama anaapa kwamba alinibariki. Lakini mama anajua, au ananihurumia? Ndugu zangu, nimeuliza maswali maisha yangu yote. Hili ndilo la kwanza ambalo ningetoa elimu yangu yote nipate jibu lake, na mwenye jibu nimemzika kando ya barabara, katika udongo usio na samadi.

Shule imejengwa, nakiri. Elia amehamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kikubwa zaidi. Ndege za Kishor nimezirudisha sandukuni, isipokuwa ile isiyo na mabawa, ambayo sikuweza kuigusa. Mama Zainabu hachungulii tena dirishani. Siku moja alisahau, akaanza, "Mwalimu, leo nani..." akajishika mdomo.

Nawaomba, hasa ninyi vijana wenzangu mliosoma. Kuhoji si dhambi. Lakini anzeni na yule anayekunywa chai yenu na kuwasifu akili. Na ukiwa na kiti cha baba yako, kaa hapohapo. Usikubali kusimama ukaenda kuangalia nyumbani kwenu kwa macho ya mtu mwenye lori, hata kwa mchezo... hata kwa dakika moja.

Mkono wangu huu ninaoandikia ndio ulioangukiwa na yale matone. Bado naunawa kwa hofu, nisije nikaiosha baraka, kama ilikuwamo.