Kiti cha Nyuma cha Min Walter

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea ziwani siku ile Walter alipopeleka gari la zamani la familia kuwapa mayatima wa Muhuru Bay. Sadaka, alisema. Sikia sasa hiyo sadaka. Alikuwa ametoa redio. Akatoa gurudumu la akiba. Akatoa hata vizulia vya miguuni. Kilichobaki ndicho akakifunga utepe mwekundu, amtolee Mungu.

"Unacheka nini?" alimuuliza dada yake.

"Sicheki," alisema Awino. "Nashangaa tu umesahau kung'oa usukani."

Walter alikuwa amemchukua Awino ampige picha, basi. Na Awino alikuja kwa sababu moja, ambayo alikuwa ameirudia tangu Rongo mpaka ulimi ukachoka: mama yao alikuwa bado humo ndani.

Min Walter, yaani mama wa Walter, ndivyo majirani wote kwake kule Ndhiwa walivyomwita, macho yalimwacha miaka minne kabla hajafa. Garini alikaa nyuma, upande wa kushoto, fimbo katikati ya magoti. Kila gari likipunguza mwendo aliuliza, "Tumefika wapi?" Ukimwambia Awendo, kwenye kiwanda cha sukari, anasema, "Ahaa, ndiyo maana nanusa sukari." Ukimwambia Rodi, karibu na kwake, anaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. Alikuwa akiiona njia kwa midomo ya watoto wake.

Siku ya mwisho walikuwa wamemtoa hospitali Migori, arudi kwake. Aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walter alikuwa kwenye simu.

"Mama, nyamaza! Nitakuambia tukifika."

Akanyamaza. Kufika Awendo alikuwa amekufa, mdomo umefungwa vizuri kama mtoto aliyekemewa. Walter akageuza gari kurudi mochari bila neno. Mwili ulikwenda nyumbani kwa gari lingine. Shangazi yao alimsihi wee: "Mtu akikufia njiani, unaongea naye. Unamwambia tunakata kona, tunavuka daraja, sasa tumefika. Usipomwambia, atajuaje?"

Walter alicheka. Mzee wa kanisa mzima, aongee na kiti!

Basi gari likakaa uani kwake Rongo miezi minane. Watu watatu walikuja kulitazama wanunue. Kila mmoja aliingia, akafunga mlango, akakaa kidogo... akashuka. Hakuna aliyesema kwa nini. Hapo ndipo Walter alipowakumbuka mayatima.

Walipopita Macalder njia ikawa mbaya. Walter akapunguza mwendo.

Harufu ikaja. Moshi wa kuni... na ile dawa ya kuchua magoti, kali puani.

Kisha kitu kikagonga sakafu ya nyuma. Tk. Tk.

"Walter..." Awino alinong'ona.

"Ni shoki za gari hizo. Zimekufa."

Awino akageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea, kama kinavyobonyea kikikaliwa.

"Tumefika wapi?"

Polepole. Kwa adabu. Kama mtu anayeogopa kukemewa tena.

"Macalder, Mama," Awino alijibu, machozi yakimtoka. "Tumepita Macalder."

"Tumefika wapi?"

Walter alinyoosha mkono kuwasha redio. Vidole vyake vikaingia kwenye tundu tupu.

Kwenye makao ya watoto walipokelewa na Mokeira, mlezi mkuu, mwanamke wa Kisii ambaye alikuwa ameshapewa kila aina ya takataka kwa jina la Yesu: unga wenye wadudu, viatu vya mguu mmoja. Alilizunguka gari, akajaribu milango. Wa nyuma kushoto ulikataa. Akainama dirishani. Alikaa hapo muda. Aliposimama, uso ulikuwa umebadilika.

"Bwana," alisema kwa sauti ya chini, "mbona mnatuletea gari lenye abiria?"

"Abiria gani?"

"Huyu mama. Ameniuliza amefika wapi. Nimemwambia Muhuru. Anasema anamngoja kijana wake, ndiye aliyeahidi kumwambia." Akafuta mikono kwenye leso. "Toeni mtu wenu kwanza. Hapa tunalea watoto, hatutunziani wazazi."

Awino alimshika kaka yake mkono. "Twende Ndhiwa, Walter. Sasa hivi. Tukiingia langoni kwake, umwambie. Neno moja tu, apumzike."

Walter akaitazama saa. Akautazama utepe wake. Kisha akainama dirishani, kama mtu anayeongea na mlevi.

"Haya! Tumefika, Mama! Tumefika nyumbani. Shuka!"

Mlango ukafunguka wenyewe.

Kiti kikainuka taratibu.

Tk... tk... tk. Vishimo vidogo vikajichora mchangani, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwenye nyavu za omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa ufukweni. Vikasimama. Vikageuka kushoto, vikarudi, vikageuka tena. Kama mtu anayetafuta kizingiti chake mwenyewe mahali asipopajua.

"Umemdanganya kipofu," alisema Awino.

"Nimemshusha. Piga picha."

Wiki iliyofuata wauza omena walianza kusema kuna bibi kipofu Muhuru, anatokea jua likizama kuuliza, "Hapa ni kwa nani?" Baadaye alisikika Macalder. Mwezi ukaisha, akasikika Migori. Halafu Awendo. Na Walter, yule yule aliyecheka, akaanza kufunga geti kabla kuku hawajaingia. Mwishowe akampigia Awino, sauti imekuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Njoo."

Awino alimkuta ameketi sebuleni, mapazia yote chini.

"Akija, mwambie sipo."

"Mwambie mwenyewe. Wewe si mwongo mzoefu?"

Harufu ya moshi wa kuni ikaingia chini ya mlango. Getini, tk. Tk.

"Hapa ni kwa nani?"

Walter akaziba mdomo kwa mikono miwili. Awino alimwangalia, akamtafutia huruma moyoni, akaikosa. Akachukua mkoba wake, akatoka, akafungua geti.

"Ni kwa Walter, Mama. Yumo ndani. Ingia."

Walter yu hai. Ukipita Rongo utamwona ndani ya gari lake jipya, peke yake, midomo ikimwenda kama anayesali. "Hapa ni Awendo, Mama. Hapa ni Rodi. Hapa ni Ndhiwa, langoni kwako, tumefika. Kweli tumefika." Anazima gari. Anashuka na kufungua mlango wa nyuma kushoto, anasimama hapo akingoja.

Kiti hakiinuki.

Mama hamwamini tena.

"Tumefika wapi?"