Sahau Mtandao Huu

Saa 3:05 asubuhi

Simu ilikuwa mezani, kioo kimepasuka, na watu wanne walikuwa wanaikodolea macho kwa chuki.

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji ya matairi. Hakikuwa na dirisha. Kimya alikuwa amechora duka la sonara kwa chaki sakafuni: mlango wa mbele, stoo, mlango wa nyuma, kichochoro. Walimwita Kimya kwa sababu ya hasira yake. Wengine wakikasirika hupiga kelele. Yeye alinyamaza, na aliponyamaza watu walianza kutafuta njia ya kutokea.

"Saa saba kamili sonara anafunga duka, anakwenda kula," alisema. "Anarudi saa nane. Mlango wa nyuma hauna tundu la ufunguo. Unafunguliwa kwa simu, na simu lazima iwe ndani ya Wi-Fi ya duka. Kamera nazo zimo humo humo. Ukiwa kwenye Wi-Fi, umeingia dukani. Usipokuwa, utabaki nje unabisha hodi."

"Na pasiwedi?" aliuliza Gia, dereva, miguu yake juu ya ringi kuukuu.

Wote walimgeukia Kaka.

Kaka ndiye aliyefunga kamera na kitasa cha duka lile, miaka miwili nyuma. Nywila aliitunga mwenyewe, akaiandika mara moja tu, simu ikamkumbukia kuanzia siku hiyo. Sonara hakuwahi kuibadilisha. Hata mlio wa simu yake alibadilishiwa na watu. Jana Kaka alikuwa ameidondosha simu ngazini. Nusu ya chini ya kioo ikawa giza tupu, na kitufe cha kufungulia kitasa kikabaki humo gizani.

"Umefunga kamera nusu ya mji," Gia alisema, "neno moja linakushinda?"

"Lina namba ndani. Namba nyingi."

"Kichwa hicho umepewa cha kuvalia kofia tu."

Kimya alimtazama Bisibisi.

Bisibisi alikuwa fundi simu, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye vidole vyembamba na ulimi mkali. Kwenye genge lile alikuwa na kazi moja: kilichofungwa kifunguke. Lakini mbele ya simu hii mkono wake ulikuwa mzito, maana Kaka hakuwa kaka wa kuitwa tu. Walizaliwa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Kaka ndiye aliyemsuka nywele za shule kila Jumapili, vibaya, mistari yote imepinda, na akampiga kila aliyemcheka mdogo wake. Na ni yeye Bisibisi aliyemleta Kaka kwenye dili hili.

"Inawezekana," alisema. "Nywila imo humu. Nikifungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, nikabonyeza 'shiriki', inatoa kile kimraba cha madoa meusi. Maandishi ya nywila hukaa chini yake, kwenye giza, hatutayaona. Lakini kimraba kinatokea juu. Simu nyingine ikikipiga picha, inaisoma nywila yenyewe."

"Simu yangu," alisema Kimya.

"Yangu iko tayari hapa."

"Nimesema yangu."

Kaka alinyoosha mkono. "Nipe niitafute mwenyewe, ninajua ilipo."

"Wewe weka kidole," Kimya alisema. "Kidole tu, kisha rudi ukutani."

Kaka aliweka kidole gumba nyuma ya simu. Ikafunguka. Akarudi ukutani, na Bisibisi akaona kijasho chembamba juu ya mdomo wake. Alidhani ni joto.

Saa 3:20 asubuhi

Bisibisi aliiinamisha simu, akaanza kuitelezesha orodha kidogo kidogo ili kila jina lipande kwenye nusu iliyokuwa hai. Nyumbani. Hospitali ya Meno. Gereji. Dukani_Nyuma.

"Nimeipata," alisema.

Ndipo jina lililofuata lilipopanda.

MAHOJIANO_2.

Alilisoma mara mbili. Hapakuwa na namna mbili za kulielewa. Hakuna mkahawa unaojiita mahojiano, wala saluni. Chumba chenye jina hilo kilikuwa mahali pamoja tu, ghorofa ya pili, kwa askari kanzu, na mtu hapewi Wi-Fi ya huko kwa kupita barabarani. Kaka amekaa pale. Amekaa na watu, amezungumza, simu yake imefunguliwa mlango.

Kaka amewauza.

Hakuinua uso. Alijua akiuinua Kimya atausoma. Alijua pia kitakachofuata: kaka yake hatatoka chumba kile kwa miguu yake.

"Mbona umeganda?" Kimya aliuliza. Alikuwa ameanza kuizunguka meza.

"Kioo kinanisumbua. Subiri."

Chini ya kila mtandao simu huweka vitufe viwili. Kimoja kinasema shiriki. Kingine kinasema sahau. Bisibisi aliligusa jina lile, akabonyeza sahau, na simu ikamtii bila swali. MAHOJIANO_2 likafutika kana kwamba Kaka hakuwahi kufika huko.

Hatua tatu za Kimya. Mbili. Bisibisi akagusa Dukani_Nyuma, akabonyeza shiriki, akamwita Kaka alete kidole tena. Kimraba kikatokea. Kimya akakipiga picha kwa simu yake, akaitazama nywila, akaitia simu mfukoni bila kuisoma kwa sauti.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

Aliichukua simu ya Kaka, akateremka nayo kwenye orodha, jina kwa jina, midomo yake ikicheza. "Nyumbani. Hospitali ya Meno. Gereji. Dukani." Alifika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Simu ya mtu haijui kudanganya," Kimya alisema hatimaye, akamtupia Kaka simu yake. "Ningekuta jambo humu, tungekuwa tunaongea lugha nyingine."

Nimemwokoa, Bisibisi aliwaza. Mjinga yule, nimemwokoa.

Saa 6:10 mchana

Tangu saa tatu Bisibisi hakupata dakika moja peke yake na Kaka. Kimya aliwaweka wote chumbani. Hata chooni alikwenda na Gia nyuma yake, akipiga mluzi. Mara moja Bisibisi alimkata jicho kaka yake, jicho la kumwambia najua, lakini Kaka alikuwa anatazama saa yake.

Kwa hiyo alipanga peke yake. Wakifika kichochoroni atasema pasiwedi imekataa. Sonara ameibadilisha, basi. Watatukana, watageuza gari, askari watabaki wanakamata upepo. Jioni atamshika Kaka ukosi na kumuuliza kwa nini.

Walivaa ovaroli za kampuni ya usafi, kofia, na barakoa za vumbi. Wote rangi moja. Huwezi kumjua yupi ni yupi.

"Mmependeza," Gia alisema. "Mkitoka huko mje mnifagilie kwangu."

"Washa gari," alisema Kimya.

Saa 6:58 mchana

Gari lilisimama mdomoni mwa kichochoro. Jua lilikuwa kali, watu wachache. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dawa, na mbele yake gari la maji ya chupa lenye pazia nyuma.

Kimya aliteremka kuangalia kona. Gia alikuwa ametoa kichwa dirishani.

Kaka alitoa simu. Alibonyeza. Akabonyeza tena.

"Haijajiunga," Kaka alinong'ona. "Inaniuliza pasiwedi."

"Pasiwedi ya nini?"

"Mtandao ule ulikuwepo humu. Ulijihifadhi wenyewe." Alimgeukia, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa yamejaa hofu. "Dada, ulikuwa na simu yangu asubuhi. Umefanya nini?"

"Nimeufuta. Kimya angeuona, angekuua pale pale mezani."

Kaka alifumba macho.

"Walinikamata wiki mbili zilizopita," alisema haraka. "Walikuwa na kila kitu, hata jina lako. Nikawaambia nitawapa Kimya, wewe wakuache. Wamo kwenye lile gari la maji, na kisanduku cha mtandao ule. Simu yangu ikinasa mtandao wao, wanajua mimi ni mzima na mambo yako sawa. Wanatukamata taratibu hapa hapa, kabla ya kuingia. Isiponasa, wanajua nimegundulika. Wanajua nimekwisha. Halafu kila anayetoka mlango ule, wanampiga risasi."

"Iandike pasiwedi!"

"Siijui! Aliiandika askari mwenyewe, alinigeuzia mgongo."

Mlango ulifunguliwa. Kimya aliingiza kichwa. "Sonara ameondoka. Shuka. Wewe unaijua stoo."

"Haifanyi kazi," Bisibisi alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Pasiwedi. Nimejaribu hapa, imekataa. Sonara ameibadilisha. Tuondoke."

Kimya alimtazama. Alitoa simu yake, akabonyeza mara moja, na mwisho wa kichochoro kitasa kikalia tak. Mlango wa chuma ukaachia inchi moja.

"Wewe huna pasiwedi, Bisibisi," alisema. "Ninayo mimi. Sasa umejaribu nini?"

Kimya alinyamaza, na kwa Kimya kunyamaza kulitosha. Alimshika Kaka kwenye mkono wa juu, mkono wake mwingine ukiwa ndani ya ovaroli, pale alipoweka bastola yake.

"Gia, huyu asiguse mlango," alisema. "Tukirudi nitamuuliza vizuri."

Kaka aliteremka. Hakugeuka. Labda aliogopa kwamba akigeuka dada yake atapiga kelele, na Kimya atamalizia kazi pale pale.

Saa 7:02 mchana

Mlango wa nyuma ulikuwa umewameza. Gia alikuwa amewasha injini, akimtazama Bisibisi kwenye kioo cha juu.

"Umeleta nini kwetu?" aliuliza. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"Gia, niache nishuke."

"Ukishuka ninakugonga."

"Nigonge."

Alifungua mlango akaruka. Gia alitukana, akalirudisha gari nyuma kwa kishindo, lakini hakumfuata. Alikanyaga mafuta, akakata kona, akatokomea. Dereva mzuri hujua dili limekufa kabla ya wenzake.

Bisibisi alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Alilipiga gari la maji kwa viganja vyote viwili.

"Fungueni! Mtu wenu yumo ndani! Ni mzima!"

Pazia lilivutwa. Mikono miwili ilimdaka na kumwingiza ndani, uso sakafuni, goti mgongoni. Palikuwa na joto na harufu ya watu waliokaa muda mrefu. Pembeni, taa ndogo ya kisanduku cha Wi-Fi ilikuwa inawaka kijani.

"Nani ni mzima?" aliuliza askari mwenye ndevu.

"Kaka yangu. Mtu wenu."

"Simu yake haipo kwenye mtandao wetu tangu tufike." Alisema bila ukali, kama karani anayesoma faili. "Angekuwa mzima ingejiunga."

"Ni mimi niliyeufuta mtandao! Mimi, kwa kidole changu! Niliona jina nikabonyeza sahau. Kimya angeliona. Nyie ndio mliweka jina la kijinga namna ile, mimi ningefanyaje? Waambieni wenzenu wasipige!"

Askari alimtazama. Bisibisi aliona neno likiingia, likitafuta mahali pa kukaa. Aliona mkono wa askari ukinyanyuka kwenda kwenye redio.

Milio ya risasi ilikuwa miwili. Haikuwa mikubwa. Kwenye duka la dawa, mtu alifunga mlango.

Saa 7:40 mchana

Kaka alikuwa ametoka wa kwanza, mikono juu, akisema ni mimi, ni mimi, ndani ya barakoa. Askari waliokuwa kichochoroni walisikia sauti tu, hawakusikia maneno, wakampiga risasi mbili. Kimya, aliyekuwa nyuma yake, alitupa bastola na kulala chini. Hakupata hata mkwaruzo.

Waliwaingiza Bisibisi na Kimya nyuma ya gari moja la askari, wakawafunga pingu kwenye chuma kimoja, wanatazamana. Bisibisi alikuwa na damu ya Kaka hadi viwiko. Walikuwa wamemruhusu amshike kwa dakika moja, kisha wakamwondoa.

Gari liliondoka. Kimya alimwinamia.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu." Alitikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia saa tatu, sote tungekuwa nyumbani."

"Yeye asingekuwa."

"Na sasa yuko wapi?"

Bisibisi alimtemea mate usoni. Kimya hakujipangusa, maana mikono yake ilikuwa imefungwa, wala hakusema neno jingine hadi walipofika. Walishushwa mmoja mmoja, wakapandishwa ghorofa ya pili. Askari mwenye ndevu alimfungulia Bisibisi mlango wa chumba cha mahojiano, akamwonyesha kiti, akamwambia akae, kaka yake alikuwa akikaa hapo.