Kwangu Ulikataa, kwa Honoka Ukavaa Masikio

Stesheni ya Takasaki haina adabu Jumapili jioni. Treni ya kasi ikishawatema watu wa Tokyo, kila mmoja anaukimbilia mlango kana kwamba kaacha chungu jikoni. Katika msongamano huo ndipo Misuzu Orihara alipokwaa ukingo wa ngazi ya umeme, na ndoo ya bisi iliyoning'inia shingoni mwake ikamwagika yote juu ya viatu vya mwanamume aliyekuwa mbele yake.

"Jamani, samahani! Samahani sana, kaka!"

"Usijali, dada. Viatu hivi vimezoea grisi. Leo vimepata karameli, vishukuru."

Misuzu alikuwa na miaka ishirini na saba, mfanyakazi wa duka la miwani la pale pale stesheni. Siku hiyo alivaa koti la rangi ya maziwa na sketi ndefu ya kijani, begani kamera yenye lenzi ndefu kama mkono, na kichwani masikio ya sungura aliyosahau kuyavua. Mwanamume aliinama, akaokota bisi moja moja na kuzitia mfukoni mwa ovaroli yake ya buluu, asiwachafulie watu njia. Nyuma ya sikio alikuwa na doa la grisi.

"Na ndoo hii nayo ni ya kuchotea maji?"

"Ndoo hii ni ya Hoshiminato!" Misuzu aliitaja bustani ile kubwa ya michezo, ambako wageni huvaa masikio ya sungura, kwa fahari, kama mtu anayetaja ukoo wake.

"Aa. Basi sisi ni maadui." Alionyesha beji kifuani. "Ryosaku Igarashi, fundi wa Kazamidai."

"Kazamidai? Bado ipo? Nilidhani ilifungwa nikiwa shule ya msingi!"

Neno hilo lilimchoma Ryosaku. Mwanamume huyu ukimwambia ana sura mbaya atacheka na wewe, lakini bustani yake ya michezo usiiguse. "Ipo. Ina michezo kumi na minne, na kila asubuhi nazigonga boliti zote kwa nyundo nikisikiliza mlio. Iliyolegea inalia tofauti, kama mtu anayekwambia hana neno, kumbe analo. Njoo Jumatano uone."

Misuzu akacheka, na Jumatano akaenda. Jumatano iliyofuata akaenda tena, na ya tatu wakala pamoja maandazi ya kuchoma yaliyopakwa mchuzi wa miso, Ryosaku akamfuta mchuzi kidevuni kwa kidole gumba. Sisi watu wa Takasaki tunajua jambo kama hilo linaishia wapi.

Ila mapenzi yao yalikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha.

"Kwetu gwaride lina wachezaji mia," Misuzu alisema siku moja wakiwa kwenye kibanda cha juu kabisa cha gurudumu kubwa la Kazamidai.

"Kwetu wapi? Wewe si umezaliwa nyuma ya soko la mboga?"

"Hoshiminato ni kwetu kwa moyo."

"Tazama huku, uuone mlima Akagi wote. Wao wanao?"

"Wana mlima wao wenyewe. Unatoa moshi."

"Wa saruji. Hata bomba la jiko la mama linatoa moshi."

Walicheka, lakini Ryosaku kicheko chake kiliishia menoni. Kisa ni kijana mmoja mcheza ngoma wa gwaride la Hoshiminato, mrefu, kiuno laini kama mwanzi, ambaye mashabiki walimwita Rui. Misuzu alikuwa na picha zake elfu mbili, na moja ndiyo iliyokuwa uso wa simu yake. Kila simu ilipoita, Rui ndiye aliyetangulia kumcheka Ryosaku.

Ryosaku alitaka kumwoa Misuzu. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu majani ya vuli yalipopukutika, na kila alipotaka kulitoa alimkumbuka Rui na koti lake la dhahabu, kisha akazitazama kucha zake mwenyewe. Fundi wa bustani ndogo ya mkoani amwambie nini mwanamke anayependa vitu vikubwa?

"Uko wapi?" alimpigia simu Jumamosi moja.

"Nimekaa kando ya njia ya gwaride. Nimetandika mkeka tangu asubuhi."

"Unamsubiri yule."

"Yule ana jina."

"Sitaki kulijua."

"Ryo, mpenzi wangu, una wivu na mtu asiyejua hata kama nipo duniani! Njoo basi. Siku moja tu, mimi na wewe."

"Mguu wangu haukanyagi huko mpaka nakufa."

Mara saba Misuzu alimwomba, kwa kubembeleza, kwa kutania, mara moja kwa machozi. Mara saba Ryosaku alikataa. Misuzu akaacha kuomba, lakini idadi aliiweka moyoni.

Mwezi wa tatu, Jumapili, upepo mkavu wa Akagi ulivuma hadi gurudumu la Kazamidai likasimamishwa. Misuzu alifunga shali jekundu, akafunganya matonge ya wali yenye plamu ya chumvi ndani na mayai ya kukunja, akaenda kumlisha mpenzi wake kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Ryosaku alikuwa bado nje. Mezani palikuwa na kopo la biskuti.

Kwetu mtu akisafiri, heri asahau mwavuli kuliko kusahau biskuti za wenzake wa kazini. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja. Misuzu alilitazama kopo: nembo ya mwezi ya Hoshiminato, imezungushiwa maua ya cheri. Kopo la maua ya cheri lilikuwa limeanza kuuzwa Alhamisi ya wiki ile ile. Yeye mwenyewe alikuwa akihesabu siku aende kulinunua.

"Karibu mwanangu, chukua moja, zimebaki za chokoleti," alisema Bi Tomie, mwanamke wa makamo anayefagia bustani. "Ryosaku na Honoka wametuletea. Walikwenda juzi Ijumaa."

"Ryosaku yupi?"

"Wako! Kwani tuna wangapi?" Bi Tomie akaonyesha ubao wa matangazo kwa furaha ya mtu asiyejua anachokifanya. "Tazama alivyopendeza."

Kwenye picha, Ryosaku Igarashi, yule ambaye mguu wake haukanyagi, amevaa masikio ya sungura. Bega kwa bega naye amesimama Honoka Sekiguchi wa dirisha la tiketi, miaka ishirini na mbili, sweta jeupe la manyoya, vidole viwili juu, masikio kama yale yale.

Mlango ukafunguliwa. Ryosaku akaingia na nyundo yake, akaona shali jekundu, akaona ubao, akaganda.

"Misu, ngoja nikueleze..."

"Yamekubana? Masikio. Nakuuliza, yalikubana au yalikukaa vizuri?"

"Mkurugenzi alitutuma. Wageni wanapungua, akataka tukaone wenzetu wanapokeaje watu. Ilikuwa kazi."

"Na masikio ni kazi?"

"Honoka alisema tusipovaa tutaonekana wapelelezi."

"Honoka alisema! Mimi nimesema mara saba, Ryo. Kwangu ulikataa, kwa Honoka ukavaa masikio!"

"Niliona aibu kukwambia. Baada ya maneno yote yale..."

"Lakini biskuti hukuona aibu kununua." Misuzu aliliweka furushi la chakula mezani, taratibu, na utaratibu huo ndio uliomtisha Ryosaku. "Mle na Honoka."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ryosaku iliishia kwenye kopo. Alipiga simu kumi na moja siku ile. Misuzu hakupokea hata moja. Alijibu kwa ujumbe mmoja tu: *Mpigie Honoka.*

Wivu ni mdudu mbaya. Misuzu hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa akimwona Honoka kila mahali: kwenye kila sweta jeupe, kila kicheko cha msichana ng'ambo ya barabara. Alijiuliza walikaa kiti gani kwenye treni, nani alikaa dirishani, nani alimvisha mwenzake masikio. Alimfungua Rui kwenye simu ajiliwaze, akamwona ni kijana tu aliyevaa koti la kung'aa, akamfunga. Hofu yake aliijua na ilimtia aibu: labda Ryosaku hakuwa na tatizo na Hoshiminato hata kidogo. Labda hakutaka tu kwenda naye yeye.

Alhamisi alasiri, mlango wa duka la miwani ulilia kengele. Ryosaku aliingia amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa kwa mazishi ya babu yake, nywele zimelowanishwa zikalala. Misuzu aligeuka amfukuze, lakini nyuma ya kaunta alikuwa amekaa msimamizi wake, Bi Kanbe, na mbele ya Bi Kanbe mteja ni mteja hata awe mwizi wa moyo wako.

"Karibu sana, mheshimiwa mteja," Misuzu alisema, meno yamebanana.

"Nimekuja kupimwa macho."

"Tafadhali keti hapa, mheshimiwa." Alimfunika jicho moja kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akamwonyesha ubao wa kupimia wenye pete zilizoachwa pengo. "Pete hii imekatika upande gani?"

"Juu."

"Na hii?"

"Kulia. Misu, nilikosea."

"Sijakuuliza hilo. Na hii?"

"Chini. Nilimwona Rui."

Mkono wa Misuzu ukasita kwenye lenzi. "Ukamwonaje?"

"Anacheza vizuri. Wivu ulinikaba hadi nikapiga makofi. Nikasema moyoni, kama mimi ningekuwa Misu, na mimi ningetandika mkeka."

"Pete, mheshimiwa mteja. Msimamizi anatuangalia."

"Kushoto. Kuna mchezo mmoja tulipanga foleni kwa muda wa saa mbili na nusu. Watu husema wapenzi huachana kwenye foleni zile, maneno yakiisha. Mimi na Honoka yaliisha dakika ya kumi. Yeye akasinzia amesimama. Nikabaki nawatazama watu, wawili wawili, wanalishana, wanachekana, hawana haraka ya kufika. Ndipo nikajua ulichokuwa unaniitia. Si mlima wa saruji. Wewe ulitaka zile saa mbili na nusu."

Machozi yalimlenga Misuzu, akajifanya kufuta lenzi.

"Mara saba, Ryo," alinong'ona.

"Najua."

"Na ya kwanza ukampa yeye."

"Nimempa. Nikikwambia naweza kuirudisha nitakuwa nakudanganya tena."

Hapo ndipo Misuzu alipoanza kumsamehe, ingawa hakumwonyesha. Lau angejitetea, angemtoa nje pamoja na suti yake ya mazishi, mbele ya Bi Kanbe.

"Macho yako mazima," alisema kwa sauti ya dukani. "Huhitaji miwani." Kisha kwa sauti ya chini: "Jumatano nakuja Kazamidai. Nataka foleni."

"Misu, Jumatano Kazamidai haina watu. Foleni itatoka wapi?"

"Wewe si fundi? Itengeneze."

Wenzake walidhani Ryosaku amepata wazimu. Alizitoa ghalani nguzo na kamba za foleni zilizokaa humo tangu enzi watu wanakuja kwa mabasi, akazisafisha kutu, akazipanga kwenye uwanja wote mbele ya kitreni cha milima na mabonde: kona arobaini na mbili, kwenda na kurudi, kwa mchezo ambao kwa siku hiyo ulikuwa na abiria sifuri.

Misuzu alifika na koti lake la rangi ya maziwa, midomo ameipaka nyekundu. Mlangoni Ryosaku alikuwa akimsubiri na suti yake ya kijivu, na tiketi alikatiwa na Honoka, na sweta jeupe lilikuwa mwilini.

"Dada, siku ile huyu alinichosha!" Honoka alisema akicheka. "Misu anapenda hiki, Misu angesema vile. Nikaona bora nisinzie."

"Pole," alisema Misuzu. Maneno hayo yalimfurahisha, na bado akamshika Ryosaku mkono kwa kucha mpaka wakapita.

Waliingia kwenye kamba. Kona ya kwanza waligombana kuhusu treni, na ikajulikana dirishani alikaa Honoka. Kona ya tisa Misuzu aliuliza nani alimvisha masikio, akajibiwa alijivisha mwenyewe, akadai aapishwe. Kona ya ishirini walikuwa wanacheka. Mbele yao hapakuwa na mtu wala nyuma, na walikwenda hatua moja, wakasimama, hatua moja, wakasimama, kama wenye watu mia mbele yao.

Kona ya thelathini Ryosaku alisimama asiendelee.

"Mimi sina gwaride," alisema. "Nina nyundo na chumba kimoja na mama anayependa kuuliza maswali. Nimeogopa tangu vuli kwamba utanilinganisha. Linganisha tu. Lakini ukubali nikuoe."

Misuzu alitembea kona ya thelathini na moja, ya thelathini na mbili, Ryosaku nyuma yake roho mkononi. Kwenye kona ya mwisho aligeuka, pua imekuwa nyekundu kwa baridi na kilio.

"Nakubali. Lakini wivu wangu nakuja nao, Ryo. Sina pa kuuacha."

"Uje nao. Wangu utaupokea."

Mwendesha kitreni, aliyekuwa amesubiri karibu saa nzima na viti vitupu, aliinua chuma cha kuzuia abiria. "Haya, maharusi, mnapanda?"

"Bado," alisema Misuzu. Akamvuta Ryosaku kwa mkono wa suti, wakarudi kupanga nyuma kabisa ya foleni.