Kiganja Kisichosomeka

Msikizi alikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, mweusi, amekaa katikati ya meza ya daktari bila waya wala taa. Mgonjwa akikohoa, Msikizi aliandika kikohozi. Akisita kabla ya kujibu, aliandika kwamba amesita. Maneno yalipanda juu ya meza kama mvuke, herufi za kijani zinazosomeka pande zote mbili, na kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati, habari zake zilikuwa zimeshafika kwenye Jalada Kuu, ghala la kumbukumbu za afya za watu wote wa jiji la Unyanyembe Mpya. Daftari la shule la kuandikiwa matibabu halikuwepo tena, lile ambalo mgonjwa alilinunua dukani, akalificha chini ya godoro, akalikosa siku anayolihitaji.

Usidhani Daktari Nyanjige Lubango alimchukia Msikizi. Alikuwa na miaka arobaini katika kazi hiyo, na saba ya mwisho alikuwa naye mezani. Mwaka wa kwanza tu Msikizi alimzuia asimchome mtoto sindano ambayo ingemuua, kwa sababu alikumbuka jambo ambalo mama mtu alikuwa amelisahau. Siku hiyo daktari alikipangusa kisahani kile kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfuta mtu jasho.

Tatizo lilikuwa kibao. Pembeni ya meza palikuwa na kibao cha kioo, na mgonjwa alitakiwa aweke kiganja juu yake ndipo jalada lake lifunguke. Bila kiganja Msikizi haandiki kitu jaladani. Asipoandika, dirisha la dawa halifunguki. Uso huzeeka, walisema wakubwa wa Baraza la Majalada, na jicho huota mtoto wa jicho, lakini kiganja ni kilekile tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Waliosema hivyo walikuwa watu wa ofisini.

Jumatano moja asubuhi Mzee Kapela aliingia kliniki, ameshikwa mkono na binti yake Veneranda. Binti alivaa sare ya bluu ya madereva wa treni ya sumaku, ile inayoelea juu ya nguzo za zege hadi Kigoma kwa dakika hamsini. Nguzo zenyewe mzee alikuwa amezipiga msasa kwa mikono, yeye na wenzake, kwa sababu wakati huo roboti zilikuwa zinamimina zege vizuri na kulilainisha vibaya.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari.

"Marahaba. Hatujambo, Daktari. Ni huyu tu ananisumbua. Nimeteleza bafuni, ananileta huku kama nimeiba."

"Hujateleza, baba. Mara ya tatu hii mwezi huu." Veneranda akamgeukia daktari. "Anazimika kama taa. Dakika nzima. Halafu anaamka anaulizia chai."

"Na chai yenyewe huwa haijawekwa hata jikoni," mzee alisema.

Aliweka kiganja. Kioo kikawa chekundu. Akakipuliza kiganja, akakifuta kwenye suruali, akaweka tena. Chekundu. Mkono wa kushoto nao hivyohivyo. Saruji ilikuwa imemla mistari yote, mikono imebaki laini kama sabuni iliyotumika. Nje, kwenye mabenchi, watu arobaini na watatu walikuwa wanasubiri, na mmoja alishaanza kupiga miayo kwa sauti ili asikike.

"Weka wewe, Veneranda," daktari alisema. "Ninyi si kitu kimoja?"

Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Mjukuu aliweka kiganja kwa ajili ya magoti ya bibi, mke kwa ajili ya homa ya mume. Ilikuwa kikohozi, ilikuwa vidonda vya miguu, na hakuna aliyejali yameandikwa kwa nani ilimradi dirisha la dawa lifunguke. Veneranda akaweka. Kioo kikawa cha kijani. Daktari akakisikiliza kifua cha mzee, akasema alichokisikia, na maneno yakapanda hewani: anazimia ghafla, moyo unaruka mapigo. Dawa zikatoka. Baba na binti wakaaga wakaenda zao. Daktari akaita anayefuata.

Kesho yake alfajiri Veneranda aliweka kiganja kwenye mlango wa chumba cha dereva. Mlango haukufunguka. Sauti ya upole ilimwambia: "Veneranda Kapela, pole kwa ugonjwa. Mtu anayezimia haruhusiwi kuendesha." Abiria mia nne walikuwa nyuma yake, wanamtazama.

Alifika kliniki akaipita foleni yote. Walipomwona uso, hakuna aliyemwambia akae nyuma.

"Nimefukuzwa kwa mapigo ya moyo wa baba," alisema.

Daktari alielewa papo hapo. Akamwinamia Msikizi. "Maneno ya jana, ya Veneranda Kapela. Futa."

"Jalada halifutwi," alisema Msikizi. "Jalada linaongezwa."

"Ni ya mtu mwingine."

"Kiganja ni chake."

Mchana Baraza lilimtuma afisa, Apolinari Msangila, kijana mwenye sauti laini na kucha zilizotunzwa. Alikataa kiti, kisha akakubali. Alieleza bila kupoteza maneno kwamba njia zipo mbili. Ya kwanza, daktari aape kwa sauti yake kwamba aliruhusu kiganja kisicho cha mgonjwa. Akiapa, maandishi yatahamia kwa Mzee Kapela na binti atarudi kazini. Ila sheria inasema kliniki iliyochafua Jalada inafungwa.

"Na ya pili?" aliuliza Veneranda.

"Ya pili ni nyepesi. Daktari anaongeza neno moja tu: amepona. Utapimwa kwa miezi kumi na minane, halafu utarudi kuendesha. Kwa sasa utapewa kiti kwenye kukata tiketi." Akamgeukia daktari. "Mtaa huu hauna daktari mwingine, mama. Kila mtu anatoka hapa salama."

Daktari Nyanjige aligeukia mlangoni. Aliwasikia watu nje, wanagombania kivuli cha ukuta. Alimfikiria mwanamke mwenye kisukari, huko benchini, aliyevuka mji mzima kumfikia. Aliifikiria njia ya pili, na kusema kweli aliipenda.

"Daktari," Veneranda alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi siwezi kupona ugonjwa nisiouugua. Na mkono ule niliuweka kwa sababu uliniambia wewe."

Msikizi hakuwa amezimwa. Maneno hayo yalipanda juu ya meza, ya kijani, yakakaa katikati yao watatu. Apolinari aliyasoma kwa upande wake, daktari kwa upande wake.

"Msikizi," alisema daktari, "andika kiapo."

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Mimi, Nyanjige Lubango, ndiye niliyemwambia Veneranda Kapela aweke kiganja chake kwa ugonjwa wa baba yake. Haikuwa bahati mbaya. Nimefanya hivyo miaka saba, na ninaowakumbuka nitawataja mmoja mmoja."

Apolinari alisimama. "Huyu mmoja anatosha. Ukitaja wote utaniharibia Jalada la kata nzima."

"Limeshaharibika, kijana. Ninyi tu hamkuwa mnajua. Mlituletea chombo kisichofuta, basi na kiandike."

Akaanza kutaja. Mlango ulikuwa wazi, na watu wa kwenye mabenchi wakasogea. Kwanza walisikiliza tu. Halafu mwanamume mmoja akasema, "Niongeze na mimi, Daktari. Vidonda vya tumbo vya kaka yangu viko kwangu." Muuza vitumbua, mama mnene wa furaha aitwaye Mektilda, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mimi nina tezi dume mwaka wa nne sasa," alisema. "Kila mwezi jalada linanikumbusha nikapimwe. Mume wangu yeye anaonekana mzima kama ndama."

Watu walicheka mpaka mwenye kikohozi akakosa pumzi. Msikizi aliandika kicheko pia. Daktari hakucheka. Aliendelea kutaja majina, na kila jina lilipofika aliuliza, "Kwa nini mgonjwa hakuweka kiganja mwenyewe?" Mama wa mmoja aliponda kokoto maisha yake yote. Mume wa mwingine alikuwa mchomelea vyuma. Bibi huyu alifua nguo za watu, mzee yule alilima tumbaku. Kadiri majina yalivyoongezeka ndivyo jambo lenyewe lilivyojionyesha, na hata Apolinari aliacha kumkatiza. Waliolijenga jiji kwa mikono hawakuwamo katika kumbukumbu za jiji. Afya zao zilikuwa zimetapakaa ndani ya majalada ya watoto wao.

Jumatatu mlango wa chumba cha dereva ulifunguka kwa kiganja cha Veneranda. Ugonjwa wa moyo ulikuwa umehamia kwa baba yake, katika jalada ambalo mwenyewe hana mkono wa kulifungua.

Jumatatu hiyohiyo, saa nne, Apolinari alirudi na amri ya kufunga kliniki. Alimkuta daktari anaandika kwenye daftari la shule, jipya, lenye mistari. Kila aliyekaa kwenye benchi alikuwa na lake. Duka la jirani lilikuwa limeishiwa tangu asubuhi.

"Daftari halifungui dirisha la dawa, mama," alisema.

"Najua. Dawa ninazo kabatini, za wiki tatu. Baada ya hapo mtaniona huko ofisini kwenu kila siku, na watu hawa nyuma yangu."

"Hakutakuwa na baada ya hapo. Naomba kiganja chako, kufunga."

Daktari alikuwa akimfungua Msikizi kwa sauti. Kiganja aliombwa mara mbili tu: siku ya kukabidhiwa chombo, miaka saba iliyopita, na sasa. Aliweka mkono juu ya kioo. Mkono huo ulikuwa umenawishwa kwa spiriti baada ya kila mgonjwa, tangu ujana.

Kioo kikawa chekundu.

Apolinari akakifuta kioo kwa leso yake. Daktari akaweka tena. Chekundu. Wa kushoto. Chekundu.

"Weka wewe," alisema daktari.

"Mimi?"

"Kwa niaba yangu."

"Itaandikwa kwangu."

"Ndiyo," alisema daktari. "Itaandikwa kwako, na haitafutika."

Apolinari alikitazama kiganja chake, mistari yote ipo, mizuri, kama ramani. Msikizi alimsubiri. "Tafadhali weka kiganja," alisema, kisha akarudia. Kijana akauingiza mkono mfukoni.

"Nitarudi na fomu nyingine," alisema.

"Rudi. Mimi nipo." Daktari alijua kwamba fomu hiyo itapatikana, watu wa namna ile hawakosi fomu. Lakini saa nne ndiyo kwanza ilikuwa imepita, na benchi limejaa. "Ukitaka kupumzika kaa hapo na Mektilda. Anayefuata."

Mzee Kapela akaingia peke yake, daftari kwapani. Akalilaza juu ya kibao cha kioo kana kwamba ni meza ya kawaida, akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Nani anaumwa?" daktari aliuliza.

"Mimi," alisema mzee.